Timu tano pointi 40 kila moja, kombe likaenda Kent: ligi ya Jumapili ya kaunti 1976

kisauni_ova30

Wakuu hamjambo humu ndani. Naomba msaada wa wazee wa kriketi na wale mnaofuatilia kaunti za Uingereza. Mimi niko kwenye kamati ya ligi yetu ya wikendi hapa Mombasa, ova 30 kila upande (ova moja ni mipira sita ya kurushwa), na msimu uliokwisha timu mbili zilimaliza pointi sawa sawa na hatukuwa na kanuni yoyote ya kuamua bingwa, ikabidi watu wakae wazungumze, na mazungumzo ya namna hiyo mnajua yanavyokwenda, kombe likatolewa lakini kuna wachezaji mpaka leo wakikutana dukani hawapeani mikono. Sasa kamati imenipa mimi kazi ya kuandika kanuni za msimu ujao na sitaki kabisa yale yajirudie.

Katika kutafuta tafuta wenzetu walifanyaje nikakutana na John Player League ya 1976, ndiyo ligi ya Jumapili ya kaunti za Uingereza. Timu tano! Kent, Essex, Leicestershire, Somerset na Sussex, zote pointi 40, yaani ligi ya kaunti 17 halafu juu wamesimama watano begani kwa bega na kombe ni moja, wakapewa Kent.

Inawezekanaje watano? Walitumia kipimo gani kuwatenganisha? Na nyinyi mnaona ilikuwa haki? Tafadhali msiniambie tu tumia neti ran reti basi (wastani wa mikimbio, yaani alama, unayofunga kwa ova ukitoa unayofungwa), hiyo naijua, nataka kuelewa kwa nini hiki na si kile, maana nitasimama mbele ya makapteni saba kukitetea.

Mama_Skoa

Karibu mdogo wangu. Mimi nimekaa na kitabu cha skoa, yaani mwandika alama za mechi, Nairobi miaka mingi kwa hiyo nitakujibu upande wa hesabu, habari za siku yenyewe wako wazee humu watakujazia.

Ligi ile ilianza 1969. Ova 40 kila upande, inachezwa Jumapili saa nane mchana, mrushaji mmoja hazidishi ova 8, na walikuwa na sheria kwamba mbio za mrushaji kabla ya kuachia mpira zisizidi yadi 15, ili ova ziende haraka watu wamalize jioni haijaingia, na BBC2 walikuwa wanaonyesha mechi moja kila Jumapili kwa hiyo muda ulikuwa na maana sana. Kaunti 17, kila moja inakutana na mwenzake mara MOJA tu, shika hapo tutarudi, kwa hiyo mechi 16, nane nyumbani nane ugenini. Ukishinda pointi 4, mkitoka sare mbili mbili, mvua ikiharibu mechi mbili mbili.

Sasa swali lako la inawezekanaje watano. Angalia hali ya hewa. Kiangazi cha 1976 Uingereza kulikuwa na ukame ambao watu wanausimulia mpaka leo, serikali iliteua waziri wa kushughulikia ukame, Denis Howell, na mvua kubwa zikaanza siku chache tu baada ya kuteuliwa. Mwaka wa kawaida mvua inafuta mechi hapa na pale, huyu anapata mbili yule anapata mbili, msimamo unachanganyika unakuta mmoja ana 46 mwingine 44 mwingine 42. Mvua isipokuja kila timu inapanda kwa nne nne, na ukipanda kwa nne nne ngazi zinakuwa chache na watu wanagongana. Wote watano walishinda 10 wakapoteza 6. Huwezi kuwatenganisha kwa idadi ya ushindi.

Kilichofuata kwenye kanuni ni ushindi wa ugenini. Kent na Essex walikuwa nao 5 kila mmoja, Leicestershire, Somerset na Sussex wakatoka hapo. Wakabaki wawili, ikaja ran reti, Kent walikuwa wanagusa mikimbio 5 kwa ova na Essex wako kama nne na nusu, tofauti haifiki nusu mkimbio. Kombe Kent.

Ran reti ya wakati ule isikuchanganye na neti ran reti ya siku hizi. Walikuwa wanahesabu mikimbio uliyofunga kwa ova ulizopiga basi, uliyofungwa hayamo.

mzee_wa_Leicester

Ahsante Mama Skoa. Mimi nipo Leicester tangu 1972, tulitoka Kampala, na ligi hiyo ndiyo ilitulea sisi wengi tuliofika wakati ule kwa sababu Jumapili mchana kazi hakuna, duka limefungwa, kriketi ipo Grace Road, uwanja wa Leicestershire, na usipokwenda ipo kwenye televisheni na sauti ya John Arlott na Jim Laker, unakaa na watoto unawaeleza huyu ni nani yule ni nani.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili tarehe 5 Septemba. Watu wengi wakiona ule msimamo wanafikiri watano walikuwa wanafukuzana sawa, sivyo. Asubuhi ya siku ile Somerset na Sussex ndio walikuwa juu na pointi 40 tayari, na Kent, Essex na sisi Leicestershire tuko nyuma na 36. Hesabu ya wale wawili ilikuwa nyepesi, shinda umechukua au angalau umemlazimisha mwenzako. Sisi wa nyuma tulikuwa tunahitaji kushinda halafu tuombe WOTE wawili wapoteze. Na wote wawili wakapoteza! Sussex ya Tony Greig ikapigwa na Warwickshire, Somerset ikapigwa Cardiff na Glamorgan ambao hawakuwa na lolote la kupoteza wala kupata siku ile, na sisi watatu tukashinda zetu. Ndiyo ikawa 40 mara tano.

Kitu ambacho hakinitoki ni helikopta. Kombe lilikuwa moja na viwanja vinavyoweza kulipokea ni vingi na viko mbali mbali, Cardiff kule magharibi, Birmingham katikati, Maidstone kule Kent kusini mashariki, kwa hiyo BBC wakalipakia kwenye helikopta na mtangazaji wao Peter Walker yumo ndani, wanasubiri matokeo angani. Likaishia Maidstone. Kent walikuwa wamewapiga Gloucestershire kwa kufunga 278 kwa wiketi 5, yaani wapigaji watano tu wametolewa, katika ova 40, na kwa miaka ile 278 Jumapili ni mikimbio ya kutisha, timu nyingi zilikuwa zikifika 200 zinajisikia salama kabisa. Kwa hiyo mtu asiseme Kent walibebwa na karatasi. Walijua ran reti inaweza kuamua na wakaenda kuitafuta.

Kapteni wao Mike Denness msimu huo huo alishachukua na Benson & Hedges, makombe mawili mwaka mmoja, na msimu ulipokwisha ukapteni akapoteza. 1977 akahamia Essex. Mpaka leo mimi naona hakutendewa vyema.

taunton_damu

Mzee shikamoo. Umepita hapo Cardiff kama unapita kituo cha basi na mimi siwezi kukubali ipite hivyo, nipo Bristol na Somerset ndiyo timu yangu, acha niwaeleze wadau kilichotokea maana ndicho kiini cha msimu mzima.

Somerset ilianzishwa 1875. Kufika 1976 ilikuwa na miaka 101 na haijawahi kuchukua kombe hata moja, sio ligi sio kikombe, hakuna. Kapteni ni Brian Close, mzee wa miaka 45 ambaye kiangazi hicho hicho England walimwita arudi kusimama mbele ya warushaji wa West Indies, akapigwa mpira wa mwili pale Old Trafford mpaka watu wakamwonea huruma. Kijana wao Ian Botham ana miaka 20. Na mtu wao mkubwa kuliko wote Viv Richards HAYUPO, yuko na West Indies anawachapa England, alifunga 829 kwenye test, zile mechi za kimataifa za siku tano, za kiangazi kile, 232 Trent Bridge na 291 The Oval. Fikiria timu inafika siku ya mwisho inaongoza ligi bila Viv Richards.

Sasa mpira wa mwisho. Somerset wanahitaji mikimbio mitatu kutoka sare. Sare, sio ushindi! Kwa sababu sare ni pointi 2, wangefika 42 na hakuna mwingine wa kufika 42 siku ile, Sussex keshapoteza. Kwa hiyo mikimbio mitatu ndiyo ubingwa wa kwanza katika miaka 101. Anayepiga ni Colin Dredge, mrushaji mrefu kutoka mji wa Frome, si mpigaji. Anaupiga, wanakimbia wa kwanza, wanageuka, wanakimbia wa pili, wanageuka tena wanaanza wa tatu, mpira unarudi, Dredge ranauti, ametolewa kabla hajafika. Kupoteza kwa mkimbio mmoja. Mmoja!

Halafu watu wanakaa wanabishana kipimo kipi cha kutenganisha timu. Somerset hawakuhitaji kipimo chochote, walihitaji hatua chache za mtu mmoja.

Na msidhani uliishia hapo. 1978 Jumamosi wakapoteza fainali ya Gillette Cup pale Lord's, kesho yake Jumapili nyumbani Taunton wakapoteza kwa Essex kwa mikimbio miwili, ligi ya Jumapili ikaenda Hampshire kwa ran reti. Wikendi moja makombe mawili yameponyoka. Ndipo 1979 wikendi ya Septemba wakachukua yote mawili, Gillette Jumamosi na John Player Jumapili. Kila nikisoma hapo nafurahi upya.

legspini_dar

Mkuu taunton_damu umeandika kwa uchungu na nimeuhisi, lakini turudi kwa mwenye uzi maana ana kazi ya kufanya. Mimi nasema hivi, kile kipimo cha ran reti ya 1976 kilikuwa kibovu na asikichukue hata kwa dawa.

Sababu ni hii. Kriketi ni kupiga na kurusha. Ran reti ya kufunga peke yake inamtazama mpigaji inamsahau mrushaji. Chukua mfano, nabuni tu: timu A imewarushia wapinzani vizuri ikawatoa wote kwa 90. Inakuja kupiga, haina haraka, uwanja mgumu, inafikisha 91 kwa ova ya 30. Hiyo ni mikimbio 3 kwa ova. Timu B imerusha vibaya imefungwa 239, ikaja ikapigana ikafunga 240 ova ya mwisho. Hiyo ni 6 kwa ova. Kwenye hesabu ya 1976 timu B ina sifa mara mbili ya timu A, wakati kila mtu aliyekuwa uwanjani anajua timu A ndiyo imecheza kriketi ya kuonea. Yaani unamwadhibu mtu kwa kurusha vizuri! Mimi ni mrushaji, hii inaniuma binafsi.

Na viwanja. Jumapili zile kaunti zilikuwa zinazunguka kwenye viwanja vidogo vya miji, kingine mpaka ni karibu, kingine ni kipana na nyasi ndefu. Anayecheza nyumbani kwenye kiwanja kidogo ran reti yake inanenepa bila yeye kuwa bora.

mzee_wa_Leicester

Kijana wangu legspini, hoja yako ya mrushaji naikubali, ndiyo maana baadaye dunia ilikwenda kwenye neti. Lakini usiifanye ligi ile ionekane ya ovyo. Walikuwa wameandika kanuni KABLA ya msimu na kila kapteni alikuwa anaijua. Mimi nilikuwa upande uliopoteza kwenye kipimo cha ugenini, sisi Leicestershire tulikuwa na pointi zile zile 40, na sikusikia mtu Grace Road akisema tumeibiwa. Watu walisema tulipaswa kushinda zaidi nje. Kanuni isiyopendeza iliyoandikwa mapema inakubalika kuliko kanuni nzuri inayotungwa siku ya kutoa kombe.

Na ushindi wa ugenini naomba mtu asiudharau. Kwenda Jumapili kucheza kwa watu, kiwanja hukijui, mara nyingi ulikuwa katikati ya mechi ya siku tatu ya ubingwa mahali pengine kabisa, unaendesha gari usiku wa Jumamosi, unacheza Jumapili, unarudi Jumatatu kumalizia ile mechi ya kwanza. Ndivyo ratiba ilivyokuwa. Ukishinda tano za namna hiyo mimi nakuvulia kofia.

Nyongeza kidogo kwa vijana wa kwetu. Kwenye ligi hiyo hiyo ya 1976 alikuwemo mtoto wa Nairobi, Basharat Hassan, mzaliwa wa 1944, akichezea Nottinghamshire, mpigaji na akihitajika analinda wiketi, na akakaa kaunti ile mpaka miaka ya themanini. Na mwaka mmoja kabla, 1975, timu ya Afrika Mashariki ilikuja Kombe la Dunia la kwanza chini ya Harilal Shah, watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia pamoja, wakakutana na Glenn Turner wa New Zealand akafunga 171 hajatoka pale Edgbaston. Walipoteza mechi zote tatu lakini kumwona John Nagenda wa Uganda anarusha pale, sisi tuliofukuzwa Uganda tulijisikia vitu viwili kwa pamoja ambavyo siwezi kuvieleza vizuri kwa maandishi. Halafu timu hiyo ikaenda kucheza na Sri Lanka wapi? Taunton, kwa Somerset wa rafiki yetu.

taunton_damu

Mzee sikujua kwamba walicheza Taunton! Hiyo naiweka moyoni.

essex_wa_Buru

Wadau mnazungumza Somerset Somerset, jamani na Essex je? Kwani nani hapo aliumia kuliko Essex kwa hizi hesabu za pointi sawa. Mimi sijui kwa nini niliipenda hii timu, nadhani ni Derek Pringle, kazaliwa hapa Nairobi, baba yake Don Pringle alikuwemo kwenye hiyo timu ya Afrika Mashariki 1975 anayoisema mzee, akafariki kwa ajali ya gari mwaka huo huo, kijana akaja kuichezea Essex na England, basi mimi nikashika Essex hapo.

Sasa hebu fuata. 1971 Essex na Worcestershire wamemaliza pointi sawa, ran reti, Worcestershire wakachukua kwa tofauti ndogo mno, unaenda mpaka desimali za mbali kuiona. 1976 pointi sawa na wanne wengine, ushindi wa ugenini sawa na Kent, ran reti tena, Kent. 1977, na sasa Denness mwenyewe amehamia Essex, wanamaliza pointi 52 sawa na Leicestershire, wanaangalia idadi ya ushindi, Leicestershire wamezidi, kombe Leicester kwa mzee wetu. Mara tatu unafika juu kabisa na mara tatu kombe linaenda kwa jirani uliyelingana naye. Na kufika hapo Essex nao hawakuwa na kombe lolote katika historia yao kama Somerset, mpaka 1979 walipochukua Benson & Hedges na ubingwa wa kaunti mwaka mmoja. Hii ligi ya Jumapili wakaja kuipata 1981, kapteni Keith Fletcher.

Unaona mara tatu hizo zilitumia vipimo viwili tofauti, ran reti na idadi ya ushindi, na vyote vikawakataa Essex. Kwa hiyo mtu akisema kipimo fulani ndicho chenye haki mimi namuuliza, Essex wa mwaka upi?

kisauni_ova30

Nashukuru sana wote, nimesoma kila kitu mara mbili. Mzee shikamoo na ahsante kwa ile ya kanuni kuandikwa mapema, hiyo nitaisoma kwenye kikao neno kwa neno.

Swali moja. Kwa nini hawakutazama mechi walizokutana wenyewe kwa wenyewe? Mimi kichwani nilikuwa naelekea huko, timu mbili zikilingana angalia nani alimfunga mwenzake, imeisha. Kwetu kila timu inakutana na nyingine mara mbili.

Mama_Skoa

Sasa rudi kwenye ile niliyokwambia ushike. Kaunti zilikutana mara moja tu. Ukiangalia nani alimfunga nani unaangalia mechi moja, na hiyo mechi ilichezwa nyumbani kwa mmoja wao. Kent akimfunga Essex nyumbani kwa Kent, Essex atasema mngekuja kwetu tungeona. Kwa hiyo ile mechi moja ni shahidi mmoja tena wa upande mmoja. Na kwa timu tano inakuwa mbaya zaidi, huyu kamfunga yule, yule kamfunga yule mwingine, yule mwingine kamfunga wa kwanza, unazunguka hupati mwisho. Ungetengeneza jedwali dogo la watano, mechi kumi, na ungeweza kabisa kukuta wanalingana tena.

Kwenu mnakutana mara mbili, moja huku moja kule, hiyo hoja inapona. Kwa hiyo kwako wewe kukutana wenyewe kwa wenyewe kunaweza kukaa juu.

Ila niulize, timu zenu saba zina viwanja saba?

kisauni_ova30

Hapana mama. Timu tatu zinatumia kiwanja kimoja, mbili ziko kingine, mbili zilizobaki wana vyao.

Mama_Skoa

Basi ushindi wa ugenini ufute kabisa. Mkicheza nyinyi watatu wa kiwanja kimoja nani mgeni? Anayekaa upande wa kushoto? Kipimo cha 1976 kilikuwa na maana kwa sababu mtu anatoka Canterbury anakwenda Cardiff, lakini kwenu ni jina kwenye ratiba tu. Ukikiweka utaleta ugomvi mkubwa kuliko ule wa kwanza.

legspini_dar

Mama Skoa hapo umemaliza, hiyo ya viwanja hakuna mtu angeiona mpaka siku ya kutoa kombe.

Mkuu wa Kisauni mimi naongeza ya mvua maana nyinyi mna masika. Usipange kugawa pointi kirahisi kwa mechi iliyofutwa halafu ukasahau kuzihesabu kwenye kulinganisha. Kama timu moja imecheza mechi 12 na nyingine 10 kwa sababu ya mvua, idadi ya ushindi si kipimo sawa. 1976 bahati yao jua liliwaka.

Na kama unaweza kupata Jumapili moja ya ziada, weka mechi ya kuamua. Wenyewe walikuja kuona hivyo, kuanzia 1988 timu nne za juu za ligi ile zilikuwa zinaendelea kucheza kikombe chao cha mtoano baada ya msimu ingawa bingwa wa ligi alibaki yule aliyeongoza. Na siku tamu kuliko zote za ligi ile labda ni Septemba 1993 Canterbury, Kent na Glamorgan wanakutana mechi ya mwisho, anayeshinda ndiye bingwa, hakuna desimali, Glamorgan wakashinda ugenini na Viv Richards yumo kwenye kikosi.

taunton_damu

Glamorgan tena, na Viv Richards tena, lakini safari hii yuko upande wao. Haya.

essex_wa_Buru

Mechi ya kuamua naunga mkono mia kwa mia. Timu mbili zikilingana ziingie uwanjani.

kisauni_ova30

Nimeandika rasimu usiku huu, naiweka hapa mniambie. Pointi zikilingana kwanza tunaangalia nani ana ushindi mwingi. Bado sawa, na ni timu mbili tu, tunaangalia mechi zao mbili. Kila mmoja kashinda moja, inachezwa mechi ya kuamua Jumapili inayofuata kwenye kiwanja ambacho si cha yeyote kati yao, na mvua ikiharibu na siku ya akiba nayo ikaharibika ndipo neti ran reti. Zikiwa timu tatu au zaidi tunakwenda moja kwa moja kwenye neti ran reti kupata mbili za kucheza mechi ya kuamua. Ushindi wa ugenini haumo.

mzee_wa_Leicester

Imekaa vizuri sana mwanangu. Ongeza tu kwamba makapteni wote saba watie sahihi kabla ya mechi ya kwanza.

Mama_Skoa

Nzuri. Mambo mawili. Kwenye kifungu cha ushindi mwingi weka ile ya legspini, kama idadi ya mechi zilizochezwa haifanani huangalii ushindi mwingi, unapita. Na kwenye neti ran reti andika wazi kwamba timu ikitolewa wote kabla ya ova 30 inahesabiwa imepiga ova zote 30, usipoandika kuna mtu atatolewa kwa 80 ova ya 16 halafu akwambie ran reti yake ni 5.

Na vitabu vya skoa. Hesabu yote hii inasimama juu ya kitabu, kwa hiyo kila mechi viwe viwili, skoa wa kila timu na chake, wakae meza moja, wafananishe kila baada ya ova, na mwisho wa mechi vipigwe picha vitumwe kwa kamati siku hiyo hiyo. Kama hamna skoa wa kutosha niandikie inbox, nina karatasi za mafunzo nilizokuwa nawafundishia vijana wa huku, nitakutumia.